Oveni Inadanganya Joto? Pima Sensa Kabla ya Kununua Bodi

Karibu. Umeweka 180, keki imeungua juu na katikati bado uji. Au umewasha tu, oveni ikapiga kelele, kioo kikaandika namba ya kosa, F3, na ikagoma kabisa. Hapo wengi huambiwa bodi, yaani saketi inayoiongoza oveni, imekufa. Bodi ni ghali, na mara nyingi haina kosa lolote. Kinachopimwa kwanza ni sensa ya joto, na mita ya bei rahisi ya kupimia umeme (multimita) inatosha.

Maelekezo haya ni ya oveni ya umeme yenye kioo cha namba. Kama yako ina kitasa cha kuzungusha tu, huenda inatumia themostati ya mrija mwembamba wenye kimiminika. Ile haipimwi hivi. Mrija ukipasuka, unabadilisha themostati nzima.

Anza na umeme. Kuzima kwa kitufe cha oveni hakutoshi. Chomoa plagi, au kama imeungwa moja kwa moja ukutani, shusha breka yake. Kisha jaribu kuiwasha: kioo kikibaki giza, endelea. Iache ipoe kabisa, maana ukipima ikiwa vuguvugu namba zitakupoteza.

Fungua mlango, toa waya za kuwekea trei, tazama ukuta wa nyuma karibu na kona ya juu. Utaona kijiti cha chuma chembamba, urefu wa kidole hivi, kimeshikwa na skrubu mbili. Ndiyo sensa. Fungua skrubu, vuta polepole mpaka konekta itokeze. Kabla hujaichomoa, bana waya zinazobaki kwa kibanio cha nguo. Zikirudi ndani ya tundu, itabidi usogeze oveni nzima na kufungua bati la nyuma. Kwenye baadhi ya oveni konekta iko huko nyuma tangu mwanzo, kwa hiyo usilazimishe.

Weka mita kwenye omu (kizio cha ukinzani wa umeme), kipimo cha 2k. Gusanisha ncha zake kwanza, isome sifuri au karibu yake. Sasa gusa pini mbili za sensa. Upande wowote, haijalishi. Sensa nyingi ni PT1000: omu 1,000 kwenye nyuzi 0, na karibu 3.9 zaidi kwa kila nyuzi inayopanda. Chumba cha nyuzi 25 kikupe takriban 1,097, yaani mita iandike 1.097. Joto la Dar la nyuzi 30 litakupa kama 1,117. Ukiona karibu 549, usishtuke: hiyo ni PT500, nayo ni nzima.

Mita ikiandika OL, au 1 peke yake upande wa kushoto, waya wa ndani umekatika. Karibu na sifuri, ni shoti. Zote mbili, nunua nyingine. Pima pia kati ya pini moja na chuma cha sensa: hapo OL ndiyo tunayoitaka.

Namba nzuri kwenye ubaridi haitoshi, na hapa ndipo wengi huishia njiani. Tumbukiza ncha ya chuma, si waya, kwenye maji yenye barafu tele: 1,000. Halafu kwenye maji yanayochemka: Mombasa utapata kama 1,385. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo 1,362 ni sawa kabisa. Namba ipande taratibu. Ikirukaruka unapotikisa waya, sensa imechoka.

Elewa hili: bodi haioni joto, inaona omu tu. Konekta yenye kutu ikiongeza omu 40, bodi inadhani oveni imezidi kwa nyuzi kama 10, inakata moto mapema, na mkate unatoka mbichi. Ganda la waya likiungua na waya zikavujishiana umeme, omu zinashuka, bodi inadhani kuna baridi, inachochea moto. Ile keki ya mwanzo iliungua hivyo.

Kwa hiyo rudisha sensa kwenye konekta, chomoa ncha ya pili ya waya zake pale zinapoingia kwenye bodi, upime hapo. Tofauti ya omu moja au mbili si kitu. Sensa ikisoma 1,097 na upande wa bodi 1,150, tatizo liko njiani. Safisha pini, au badilisha waya kwa ule wenye ganda la nyuzi za kioo na uunge kwa kofia za kauri. Tepu ya umeme huyeyuka, usiitumie.

Ukinunua sensa mpya, linganisha namba ya kipuri, urefu na konekta. PT500 kwenye nafasi ya PT1000 itaonekana kwa bodi kama baridi kali kupita barafu, na kosa litarudi palepale. Ukiifunga, kijiti kisiguse ukuta wala koili.

Weka kipimajoto cha oveni kwenye trei ya katikati, washa 180, subiri dakika 30. Kisha andika namba kila dakika 5, mara sita, utafute wastani. Kupanda na kushuka kwa nyuzi 10 au 15 ni kawaida. Wastani ukitofautiana kidogo, rekebisha kwenye mipangilio. Sensa na waya zikiwa safi na F3 bado ipo, sasa mwite fundi wa bodi, na umpe namba ulizopima.