Vinposetini: kidonge cha ubongo na damu inayoufikia

Ndugu zangu, chupa hii niliyoshika wengi mnaijua, maana watoto wenu walioko Marekani huwaletea. Lebo inasema ina vinposetini, ni ya asili ya mmea, huongeza damu kwenye ubongo na hutunza kumbukumbu.

Kuhusu damu, wana hoja. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu, lakini hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Damu ikikatika kwa dakika chache, sehemu iliyokosa huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi.

Mmea wenyewe ni Vinca minor wa Ulaya, unaotambaa chini na kutoa maua ya buluu. Wakemia wa Hungaria walichukua vinkamini iliyomo ndani yake, wakaibadilisha maabara, na mwaka 1978 kampuni ya Gedeon Richter ikaanza kuuza vinposetini kwa jina la Cavinton. Kwa hiyo mtu asikwambie unameza majani. Unameza kemikali inayolegeza kuta za mishipa ya damu.

Na kumbukumbu? Mapitio ya mwaka 2003 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, hayakuona ushahidi wa kutosha kuwapa dawa hii wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Tena mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 23 za madukani: 6 hazikuwa na vinposetini hata chembe, na nyingine zilikuwa na kuanzia miligramu 0.3 hadi 32 kwa siku. Hebu fikirini tofauti hiyo, na mnunuzi hana namna ya kujua!

Kinamama, nawaomba hapa mnisikilize sana. Juni 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba vinposetini inaweza kuharibu mimba au kumdhuru mtoto tumboni. Usimpe binti yako chupa hii ati imsaidie kwenye mitihani.

Wala msichemshe lile ua la rangi ya waridi la bustanini tunaloliita vinka. Hilo ni mmea mwingine, wa Madagaska. Ndimo zinamotoka vinkristini na vinblastini, dawa kali za saratani.

Kinachobana na kupasua mishipa ya ubongo kwa wengi wetu ni presha, nayo huweza kukaa miaka bila dalili. Muuguzi yuko pale mlangoni na kipimo. Tupite tupimwe, kisha turudi kwa maswali.