Lateleza au Lakwama? Mazungumzo na Madereva Kuhusu Klachi

Assalaam aleikum, wazee wangu na vijana. Najua humu ndani wamo waliofunguliwa giaboksi bure, basi nianze na hilo. Kabla fundi hajalala chini ya gari, ajue kwanza: klachi yateleza, au haiachii, yaani injini na giaboksi hazitengani ukikanyaga? Ni maradhi mawili, na dawa yake si moja.

Kuteleza mwakujua. Washuka feri Likoni maji yamekupwa, ule mwinuko uko mbele yako, injini yanguruma lakini gari lajivuta kama limepakia saruji, na harufu ya kuungua yakujia puani. Ukitaka hakika, tafuta mahali tambarare pasipo mtu mbele. Vuta hendibreki, tia gia ya tatu, ongeza moto kidogo, achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi bado yashika. Ikiendelea kunguruma, sahani ya klachi imelika, au imelowa oili inayovuja nyuma ya injini. Jaribu mara moja tu! Ukirudiarudia utaimaliza mwenyewe.

Isiyoachia, msema kweli wake ni rivasi, kwa sababu magari mengi rivasi haina sinkro, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia ziingie laini. Injini ikiwaka, kanyaga klachi hadi chini, hesabu hadi tano, tia rivasi. Ikikwaruza, ndani bado kwazunguka. Sasa pampu pedeli mara tatu nne. Gia ikiingia laini, giaboksi iacheni ilipo; shida ni oili ya klachi au masta, yaani pampu inayoisukuma oili hiyo. Tazama kikopo cha oili ya breki, maana magari mengi breki na klachi hunywa kikopo kimoja. Kisha chukua kitambaa cheupe, peleka mkono juu kabisa ya pedeli, pangusa pale fimbo yake inapoingia kwenye ukuta unaotenga injini. Kikitoka kimelowa, masta ya juu imekufa. Kikiwa kikavu, kaangalie ya chini, pale kwenye giaboksi.

Na kuna ugonjwa wetu sisi wa pwani. Bwana mmoja alisafiri, gari likakaa karibu na bahari masika yote. Aliporudi, pedeli nzuri, oili imejaa, lakini injini ikiwaka hakuna gia inayoingia. Alishaambiwa anunue seti nzima ya klachi. Kumbe sahani imeshikana kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito la injini! Tulilisukuma hadi uwanja mtupu, nikatia gia ya pili injini imezimwa, nikakanyaga klachi, nikapiga stata. Likaruka mbele, mguu wangu bado uko kwenye klachi, nikawa naongeza moto na kuachia, naongeza na kuachia. Mara tak! Ikabanduka. Msijaribu haya barabarani, tafadhali.

Kelele nazo: ikija ukikanyaga klachi, ni beringi ya klachi. Ikiwa gari liko huru, halina gia, kelele ipo, na yapotea ukikanyaga, hiyo ni beringi ya giaboksi.

Haya, nani gari lake liko hapo nje? Twende tukaisikilize hiyo rivasi.