Mchele Huu Ulikunywa Maji ya Mto Gani?

Asanteni. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia kwenye ungo, na leo pia naanzia hapo hapo.

Mama mmoja mkulima kule Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, alinimwagia konzi mbili za mchele kwenye ungo, moja kulia, moja kushoto. Zote punje ndefu nyembamba, zote zinanukia. "Upi wangu?" Nikanusa, nikatafuna, nikainua punje juani. Nikaonyesha wa kulia. Wake ulikuwa wa kushoto. Ule mwingine ulitoka Pakistan, na mfuko wake ulisema hivyo waziwazi. "Wakiuhamishia kwenye mfuko ulioandikwa Mwea, nani atanitetea?" Sijalitua swali hilo tangu siku ile.

Mtaniambia tupime vinasaba. Kila mara naambiwa hivyo, na kila mara najibu: pishori, mchele wa kunukia wa Mwea tunaousifu, ni Basmati 370, mbegu waliyopewa wakulima wa Punjab mwaka 1933. Hata jina pishori linatukumbusha Peshawar. Vinasaba vitamnasa anayechanganya aina nyingine ya mchele, hilo sikatai. Lakini Basmati 370 ikivunwa Tebere kule Mwea au ikivunwa Punjab, jibu la vinasaba ni lile lile. Na harufu je? Harufu nayo ni urithi wa mbegu, imesafiri nayo. Tuache kutegemea pua!

Udongo ndio haukusafiri. Mpunga wa Mwea hunywa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, yanayoshuka kutoka Mlima Kenya, volkano iliyomwaga lava yake takriban miaka milioni 3 iliyopita. Udongo wa Punjab uliletwa na mito kutoka Himalaya, kwenye miamba mingi yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka. Sasa nisikilizeni vizuri. Miamba ina elementi iitwayo rubidiamu, na aina moja ya rubidiamu hugeuka kuwa strontiamu-87, aina mojawapo ya elementi ya strontiamu, polepole mno: nusu yake huchukua karibu miaka bilioni 49. Mwamba wa kale wenye rubidiamu nyingi umekwisha kulimbikiza strontiamu-87. Lava changa bado. Mizizi ya mpunga huipokea strontiamu-87 na aina nyingine za strontiamu kwa uwiano ule ule uliomo kwenye udongo na maji yake. Kwa hiyo umri wa mwamba unaingia kwenye punje, unapita kinuni, unafika hadi kwenye sufuria yako ya Eastleigh au Kawangware, na hakuna mfuko mpya unaoweza kuufuta.

Maabarani punje husagwa, huyeyushwa kwa asidi ya naitriki, kisha hunyunyizwa kwenye plazima ya agoni, yaani gesi iliyopashwa moto mno, yenye joto kuliko uso wa jua. Mashine inasoma hadi sehemu moja katika bilioni. Rubidiamu, strontiamu, boroni, molibdenamu, seleniamu: husomwa pamoja, kama unavyomtambua jirani kwa sura nzima. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2002 kazi iliyotenganisha hivi mchele wa Marekani, wa Ulaya, na basmati ya India na Pakistan. 2002, jamani!

Mtaniambia pia: "Mbolea itavuruga vipimo." Mbolea huongeza yake, na kukoboa hupunguza, maana madini mengi yako kwenye pumba. Ndiyo sababu nataka sampuli za mashamba yanayolimwa kweli, misimu kadhaa, mchele uliokobolewa ulinganishwe na uliokobolewa. Bila sampuli hizo mashine itatupa tarakimu tu, hatutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Aseniki, ile elementi yenye sumu, na jinsi shamba lililofurika linavyoiachilia kutoka kwenye udongo, nilitaka kuieleza kwa kirefu. Mwenyekiti ananionyesha saa. Ahero na Bunyala, mashamba mengine ya mpunga ya Kenya, nazo siku nyingine.

Mliotoka Mwea, pale mlangoni kuna mifuko ya khaki. Chukueni. Konzi mbili za mpunga ambao haujakobolewa zinatosha. Juu yake andikeni sehemu, iwe Tebere, Thiba, Wamumu au Karaba, mfereji unaowapa maji, msimu, na mbolea mliyotia. Yule mama wa Wang'uru ameshaleta wake.