Kijiko Kimoja cha Bia ya Moto

NEEMA: Karibuni tena. Leo hatuko studio, tuko barazani kwa kaka Beda, Tabata. Feni tumeizima ili maikrofoni isipige kelele, kwa hiyo mkisikia mtu anahema, ni mimi. Beda, wasikilizaji hawaoni ninachokiona. Waambie.

BEDA: Unaona mnara.

NEEMA: Naona bomba la maji machafu limevalishwa mbao, limesimama juu ya friza, lina koki mbili.

BEDA: Bomba jipya, dada! Halijawahi kukutana na choo. Nimelitoa Gerezani na vumbi lake la dukani.

NEEMA: Haya, bomba jipya la inchi 4. Sasa kwa ambaye hajawahi kuuona mtambo huu wa kumiminia bia, anza chini. Ndani ya friza kuna nini?

BEDA: Kuna kegi mbili, yaani mapipa ya bia, lita 19 kila moja, zile nyembamba ndefu ambazo zamani zilibeba maji ya soda. Kuna mtungi wa kaboni dayoksaidi na regulata yake, ile ya kupunguza shinikizo la gesi. Gesi inaingia juu ya kegi, inaikandamiza bia, bia inapanda kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye koki. Mnara ni shingo tu, njia ya bia kutoka kwenye baridi kwenda kwa mwenye glasi.

NEEMA: Na hiyo shingo ndiyo iliyokukaba.

BEDA: Miezi mitatu, Neema. Mitatu.

NEEMA: Mimi nimesimama kaunta Sinza miaka miwili. Mteja akikaa unamuuliza, ya moto au ya baridi? Na wapo wanaotaka ya moto, hawakutanii, bia imetoka stoo vilevile na joto lake. Lakini hiyo ni ya chupa. Ya drafti, ya kutoka kwenye kegi, haina mchezo huo. Ikipata joto, unauza povu.

BEDA: Sasa mimi hilo nilikuwa silijui. Mnara wangu wa kwanza ulikuwa bomba la chuma. Nikalisugua na grainda, nikalipiga rangi nyeusi, likang'aa hadi mke wangu akalisifia, na yeye si mtu wa kusifia vyuma. Jumapili mashemeji wakaja. Glasi ya kwanza, povu tupu. Ya pili, povu na bia chini kidogo. Ya tatu ikatoka safi kabisa. Tukakaa, tukala, baada ya saa moja nikarudi kwenye koki, povu tena! Shemeji mmoja akaniuliza, wewe hapa unatengeneza bia au unafua?

NEEMA: Ukafanya wanachofanya wote. Ukashusha regulata.

BEDA: Nikashusha. Ikatoka polepole, na povu bado. Baada ya siku chache bia yote kwenye kegi ikawa imekufa, haina gesi, kama chai iliyosahaulika mezani.

NEEMA: Kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye kegi. Kegi iko kwenye nyuzi joto 3 au 4, shinikizo paundi 12 kwa inchi ya mraba kwenye geji, hapo bia inashika gesi yake vizuri. Ugonjwa uko juu. Bia iliyolala mle ndani ya bomba jeusi, barazani Dar, mwezi wa pili... shika bomba lenyewe sasa hivi uone.

BEDA: Hili la sasa halina joto.

NEEMA: La kwanza lilikuwa na joto, ndiyo maana yangu.

BEDA: Lilikuwa kama sufuria. Na kitu kilichonishangaza ni hesabu. Mpira wa bia, kipenyo chake cha ndani hakifiki milimita 5. Ndani ya mnara, ukijumlisha na unene wa mfuniko, ulikuwa na kama sentimita 60. Piga hesabu: bia iliyolala humo ni mililita 11 hivi. Kijiko cha chakula kinachukua 15. Yaani kijiko ambacho hakijajaa ndicho kilichokuwa kinaniharibia glasi nzima ya nusu lita.

NEEMA: Kinaharibuje? Maana mtu atasema, mwaga hicho kijiko, endelea.

BEDA: Bia ikipata joto haiwezi kuishika gesi, inaiachia, mpira unajaa mapovu. Ukifungua koki, bia ya baridi inayofuata inakuja kwa mbio, inayagonga yale mapovu, inapita kwenye chuma cha moto na koki ya moto, na yenyewe inaanza kuachia gesi. Mapovu yanazaa mapovu. Ndiyo maana glasi ya tatu inakuwa safi: mbili za kwanza zimeshapoza njia.

NEEMA: Kaunta tuliita kuosha koo. Tulikuwa tunamwaga, bosi analalamika.

BEDA: Basi nikauvunja mnara. Nikaanza upya na swali moja tu: baridi itapandaje mpaka kwenye koki?

NEEMA: Na jibu likatoka kwa mafundi AC.

BEDA: Jirani yangu ni fundi AC. Chini ya ngazi yake kuna masalia ya kila aina. Alinipa vitu viwili. Kwanza ile sponji nyeusi wanayovalisha mabomba ya AC. Pili, vipande viwili vya bomba la kopa, yaani shaba nyekundu, pana kidogo kuliko mpira wa bia. Nikaupitisha kila mpira ndani ya kopa yake kama mguu ndani ya soksi. Kopa inaanzia ndani ya friza, sentimita 30 nzima ziko kwenye baridi, halafu inapanda mpaka karibu kabisa na koki. Shaba nyekundu inabeba baridi vizuri mno. Chini inapoa, na juu inapoa.

NEEMA: Bia haiigusi kopa.

BEDA: Haiigusi. Bia ina uchachu, sitaki ilambe shaba. Inapita ndani ya mpira wake wa chakula. Na tuseme wazi, si mpira wa bustani, jamani. Mpira wa bustani unaipa bia ladha ya ndoo mpya.

NEEMA: Kopa peke yake ilitosha?

BEDA: Ilipunguza, haikumaliza. Kilichomaliza ni feni. Feni ya kompyuta, ile ya volti 12, nimeifunga kwenye kopo la plastiki ndani ya friza, inasukuma hewa ya baridi kwenye paipu ya milimita 25 inayopanda hadi kileleni mwa mnara. Hewa inamwagikia nyuma ya koki, halafu inashuka yenyewe kuzunguka mipira mpaka ndani ya friza. Inazunguka tu. Umeme wake unatoka kwenye adapta ya ruta iliyokufa.

NEEMA: Hapo kwenye kuzunguka nakutilia mkazo, maana niliona mtu kafunga feni bila njia ya kurudia. Ukisukuma hewa kwenye chupa iliyozibwa, inakwenda wapi?

BEDA: Haiendi. Na kama mnara una upenyo, kosa jingine: unavuta hewa ya nje. Hewa ya Dar yenyewe ni maji. Itaganda kwenye kuta za friza, utakuwa unakwangua barafu kila wiki. Kwa hiyo kila tundu nimeliziba kwa silikoni.

NEEMA: Na mnara wenyewe kutoka jasho?

BEDA: Ule wa chuma ungelia machozi siku nzima kama ningeupoza. Hapa nimepanga hivi: kopa na mipira katikati, sponji imebanwa ukutani mwa bomba la plastiki, nje mbao. Baridi inabaki ndani, mbao haijui kinachoendelea. Mninga, nimepata vipande Keko kwa wenye makochi.

NEEMA: Hapo ulijivuna kidogo. Ungeweza kuacha plastiki.

BEDA: Ningeweza. Lakini mke wangu angeendelea kuliita choo.

NEEMA: Tuje kwenye kutoboa, maana ndipo watu wanapoharibu. Friza kwanza.

BEDA: Friza hii ni ya kulala, ya mfuniko juu. Ukutani mwake kuna mabomba ya gesi ya friza yamezunguka kote, huyaoni. Ukitoboa ukuta unacheza bahati nasibu. Mfuniko kwa kawaida ni sponji tu, ndiyo maana mnara umekaa juu ya mfuniko. Hata hivyo sikuingiza drili moja kwa moja. Nilikata bati la ndani kwa kisu, nikachimba sponji kwa kidole mpaka nikaona hakuna kitu, ndipo nikatoboa.

NEEMA: Na soma kibandiko cha nyuma. Friza nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a. Hiyo inawaka moto. Drili ya cheche na gesi inayowaka, usitafute umaarufu.

BEDA: Kwenye friji ndogo ya kusimama ni kazi zaidi, muite fundi akuonyeshe mabomba yanapopita.

NEEMA: Tundu za koki?

BEDA: Hapo nilipoteza bomba moja. Koki haifungwi ukutani hivihivi. Ina shanki, kipande chenye nyuzi za skrubu kinachopita ukutani, nati inakaza kwa ndani. Tundu lake ni kama milimita 22 hadi 25, pima ya kwako kabla. Sasa bomba ni duara, nati ni bapa. Ukikaza, nati inashika pembe mbili tu, plastiki inapinda, koki inaanza kuangalia pembeni kama mtu aliyenuna. Nikachonga kibao, upande mmoja umebonyea kufuata duara la bomba, upande wa pili bapa kwa ajili ya nati. Kibao hicho kidogo, kama sabuni ya kipande, kilinichukua jioni nzima na tupa. Lakini tingisha koki uone.

NEEMA: Haitingishiki. Kweli.

BEDA: Na mpira wote, kutoka kegi mpaka koki, ni mita 3. Watu wanaukata mfupi wakiona umejikunja ndani ya friza kama nyoka. Usiukate. Wembamba na urefu ndivyo vinavyoipunguzia bia mbio. Mita 1 kwa paundi 12, itatoka kama bomba la zimamoto.

NEEMA: Koki za stenlesi au zile za njano zilizopakwa kromu?

BEDA: Stenlesi. Kromu ikichubuka, bia inaanza kulamba shaba njano, unaonja chuma.

NEEMA: Na kuosha kila wiki 2, hilo sijadili. Nimeshaona kilichotoka kwenye mpira wa baa ambao haukuoshwa, sikusema ni baa gani, na sitasema.

BEDA: Gesi ndiyo inayonitisha zaidi.

NEEMA: Ikutishe. Mtungi wa kaboni kwenye nyuzi 20 una shinikizo la karibu paundi 830. Ukifika nyuzi 31, yaani mchana wa kawaida hapa kwetu, unapita 1,000. Usiuache kwenye jua, usiulaze, ufunge usianguke. Na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina harufu. Ikivuja kwenye chumba kilichofungwa inajaa kuanzia chini. Maji ya sabuni kwenye kila kiungio, ukiona povu hapo...

BEDA: ...hilo ndilo povu la kutafuta. Mtungi wangu uko ndani ya friza. Siku ya kwanza nilishtuka, geji ikasoma 560 hivi, nikadhani nimeuziwa mtungi nusu.

NEEMA: Baridi hiyo.

BEDA: Baridi tu. Gesi ipo yote, inasinyaa kidogo kwa shinikizo. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani, pima mtungi kwenye mizani, geji haikuambii.

NEEMA: Umeme ukikatika?

BEDA: Lita 38 za bia baridi zinakaa saa nyingi usipofungua mfuniko. Feni inakufa, kwa hiyo glasi ya kwanza utaiosha koo kama zamani. Nakunywa taratibu, nasubiri.

NEEMA: Haya, niambie kuhusu hii mikono ya koki. Moja ni plastiki nyeusi ya kawaida. Nyingine ni... huyu ni mzee?

BEDA: Ni mpingo. Nilikwenda Mwenge kwa wachonga vinyago, nikampa fundi nati ya koki, nikamwambia nichongee mzee amekaa, nati iingie chini yake. Akacheka, akanichongea. Tazama ndevu.

NEEMA: Mzuri. Lakini mpingo ukiutupa kwenye maji unazama, Beda. Huyu ana uzito wa nyundo, na koki ya bia inafunguka ukivuta mkono mbele.

BEDA: Najua. Wiki ya kwanza aliinama usiku. Asubuhi nikakuta trei imejaa, sakafu imejaa, siafu wamejaa. Nimemkata miguu, sasa ni mfupi. Amekaa sawa.

NEEMA: Nimiminie basi, koki ya mzee. Glasi ya kwanza ya leo, hakuna kuosha koo.

BEDA: Shika hapa. Inamisha glasi. Fungua yote, usifungue nusu, nusu ndiyo inaleta povu.

NEEMA: Eh. Eh! Vidole viwili tu vya povu. Na glasi inatoka jasho kabla sijainywa.

BEDA: Sema kwenye maikrofoni.

NEEMA: Nimesema. Wiki ijayo tutakuwa na mtu wa mbege, tutaongea ndizi na ulezi, tutakunywa kwa kibuyu na hakuna regulata. Beda, hiyo sauti ni nini?

BEDA: Sauti gani?

NEEMA: To, to, to. Kwenye trei.

BEDA: ...Mzee ameinama. Ngoja, ngoja, nishikie hii maikrofoni.