Asilimia 97 ya nini? Jinsi ya kuhakiki dai la makombora kudunguliwa

Kwenye skrini kuna dai la aina unayokutana nayo kila vita inapozuka: "Mfumo wetu wa ulinzi wa anga umedungua asilimia 90 ya makombora." Tutalipasua hatua kwa hatua. Chukua karatasi na kikokotoo. Leo kikokotoo kitafanya kazi kubwa kuliko programu yoyote ya kutambua picha bandia.

Hatua ya kwanza, nakili dai neno kwa neno. Usilifupishe. Chini yake andika nani kasema, tarehe gani, na mfumo gani. Wengi huteleza hapa, kwa sababu "ulinzi wa makombora" si kitu kimoja. Iron Dome ya Israel hushughulika na roketi za masafa mafupi. Patriot ya Marekani hukabili ndege na makombora ya balistiki (yanayorushwa juu kisha kuanguka kwa mkunjo) yanayokaribia kutua. GMD, mfumo mwingine wa Marekani ambao makombora yake yamewekwa Alaska na California, umeundwa kuliwahi kombora la kutoka bara moja hadi jingine likiwa bado nje ya angahewa. Mtu akitumia rekodi ya Iron Dome kuitetea GMD, huna haja ya kuendelea naye.

Hatua ya pili, tafuta asili, yaani ile namba ya chini kwenye sehemu. Asilimia 90 ya nini? Iron Dome hukokotoa roketi itaangukia wapi, na ikiwa inaelekea uwanja mtupu, huiacha ipite. Basi tuseme zimerushwa roketi 100. Rada inaona 40 zinaelekea kwenye makazi, na 36 kati ya hizo zinadunguliwa. Gawa 36 kwa 40, unapata asilimia 90. Gawa 36 kwa 100, unapata asilimia 36. Hakuna aliyedanganya. Watu wawili wanatukanana tu kwa kugawa kwa namba tofauti.

Asili inaweza pia kuwa mchanganyiko. Aprili 2024 Israel ilisema imezuia asilimia 99 ya droni na makombora zaidi ya 300 yaliyorushwa na Iran. Lakini ndani ya hesabu hiyo mna droni zinazotumia saa kadhaa kufika, na mna makombora ya balistiki yanayofika kwa dakika, ambayo baadhi yake yalipiga kambi ya anga ya Nevatim. Zitenganishe kabla hujasema lolote: droni safu yake, balistiki safu yake.

Hatua ya tatu, uliza "kudungua" maana yake nini. Simamisha video hapa uandike majibu matatu yanayowezekana: kombora la ulinzi limepita karibu na shabaha, limeigonga shabaha, limeharibu kichwa chenye vilipuzi. Ni la tatu tu linalomwokoa aliye chini.

Mfano wake ni vita vya Ghuba, ambamo Iraq ilirusha makombora ya balistiki aina ya Scud. Tarehe 15 Februari 1991 Rais George H. W. Bush alisema Patriot zimezuia Scud 41 kati ya 42. Baadaye Jeshi la Marekani lenyewe lilishusha makadirio, mwishowe yakawa asilimia 70 kwa Saudi Arabia na 40 kwa Israel. Mwaka 1992 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilieleza kuwa ushahidi wenye nguvu zaidi wa kichwa cha Scud kuharibiwa ulikuwepo kwenye takriban asilimia 9 tu ya mapambano. Sasa angalia mtego wa upande wa pili. Wapinzani wengi huinukuu hiyo 9 kana kwamba asilimia 91 iliyobaki ilikosa. Ripoti haikusema hivyo. Ilipima ubora wa ushahidi, na ushahidi kukosekana si sawa na shabaha kukoswa. Ukimsahihisha rais, msahihishe na mpinzani wake.

Hatua ya nne, rudia hesabu yao. Oktoba 2017 Donald Trump aliiambia Fox News kuwa Marekani ina makombora yanayodungua kombora angani kwa asilimia 97. Rekodi ya majaribio ya GMD hadi wakati huo ilikuwa 10 kati ya 18, karibu asilimia 56. Namba kubwa namna hiyo hupatikanaje? Bonyeza nami. Chukua uwezekano wa kukosa, tuseme 0.4. Uzidishe wenyewe kwa wenyewe mara nne, kwa kuwa unarusha makombora manne kwa shabaha moja: unapata 0.0256. Toa kwenye 1, unapata 0.9744. Hiyo hapo, asilimia 97.

Kikokotoo hakijakosea. Tatizo ni kwamba hesabu imechukulia kila kombora linakosa kivyake, kama kurusha dadu. Ikiwa yote manne yana kifaa kilekile chenye kasoro, au yote yanafuata puto la kuhadaa badala ya kichwa chenyewe, la nne halikuongezei chochote.

Hatua ya tano, video. Tafuta kwanza toleo lake la zamani kwa kupakia fremu (picha moja moja za video) tatu au nne kwenye utafutaji wa picha. Vipande vya mchezo wa kompyuta Arma 3 vimesambazwa mara nyingi kama vita halisi. Kisha pima sauti. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mlipuko ulio kilomita 4 utausikia baada ya sekunde 12 hivi. Mwanga na mshindo vikija pamoja, ama sauti imebandikwa, ama mlipuko uko karibu kuliko unavyoambiwa. Mwisho, usiamini mpira wa moto peke yake. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kombora la kilomita 2 kwa sekunde husogea zaidi ya mita 60 kati ya fremu moja na nyingine, na kombora la ulinzi huweza kulipuka hata likikosa.

Kwenye kadi ya matokeo, jaza sehemu nne: mfumo, asili, maana ya kudungua, na ushahidi wa ardhini, yaani kilichoanguka au kuharibika chini. Sehemu moja ikiwa tupu, andika "haijathibitika" pamoja na tarehe ya leo. Picha za satelaiti zikitoka, fungua kadi ileile urekebishe, bila kufuta ulichoandika mwanzo.