Nusu Milimita: Blu-ray na HD DVD

Zuhura: Karibuni kipindini. Mimi Zuhura, niko na Kombo, na leo tuna diski mbili za filamu, Blu-ray na HD DVD, zilizowania sebule za watu kuanzia 2006 hadi 2008. Kombo, ukizilaza mezani huzitofautishi kwa macho. Upana sentimita 12, unene milimita 1.2, sawa na DVD. Hata leza ni ileile ya zambarau, nanomita 405. Ugomvi ulitoka wapi?

Kombo: Kwenye kina, dada. Data za HD DVD zimelala katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 kutoka upande wa lenzi, palepale zilipo za DVD. Za Blu-ray ziko milimita 0.1 tu ndani. Hiyo nusu milimita ndiyo iliyozaa karibu kila tofauti nyingine.

Zuhura: Tuanze na ujazo, maana ndio watu wanaoukumbuka.

Kombo: Lenzi ya Blu-ray ni kali zaidi: 0.85 kwa kipimo cha mafundi wa lenzi, wakati ya HD DVD ni 0.65. Lenzi kali huubana mwanga ukawa nukta ndogo, basi mistari ya data inasogezwa karibu: mikromita 0.32 badala ya 0.40. Matokeo yake tabaka moja la Blu-ray linabeba GB 25, la HD DVD GB 15. Matabaka mawili ni 50 kwa 30. Ila lenzi kali haivumilii plastiki nene. Diski ikiinama kidogo tu, mwanga unaopenya plastiki ya 0.6 unapindika na nukta inachafuka. Ndiyo sababu plastiki ya juu ilibidi iwe nyembamba vile.

Zuhura: Na kiwandani hapo pakawa na kazi. HD DVD ni vipande viwili vya 0.6 vilivyogundishwa, kama DVD, kwa hiyo mtambo uliokuwepo ulirekebishwa ukaendelea. Blu-ray ilitaka mtambo wa kupaka lile tabaka la 0.1 kwa usawa diski nzima, na juu yake koti gumu la kuzuia mikwaruzo.

Kombo: Mnunuzi naye aliiona tofauti dukani. Marekani, Toshiba HD-A1, deki ya HD DVD, ilitoka Aprili 2006 kwa dola 499. Samsung BD-P1000, deki ya kwanza ya Blu-ray huko, ikaja Juni kwa dola 999.

Zuhura: Mimi naamini kwa mtu wa nyumbani wa mwaka ule HD DVD ilikuwa ununuzi wa haki zaidi. Ilikuja imekamilika. Kila deki ilikuwa na tundu la waya wa mtandao, kusoma sauti ya Dolby TrueHD lilikuwa sharti, na diski hazikufungiwa kanda, yaani eneo la dunia. Blu-ray ilikuja vipandevipande: toleo 1.0, kisha 1.1 mwishoni mwa 2007, halafu 2.0 lenye mtandao. Nyingi za deki za mwanzo hazikuweza kupandishwa. Zilicheza filamu vizuri, lakini nyongeza za diski mpya hazikufunguka.

Kombo: PS3, mashine ya michezo ya Sony inayocheza Blu-ray, ilipanda, kwa programu tu. Na tusisahau upande wa pili: HD-A1 ilitoa picha ya 1080i peke yake. Deki inakata kila picha nusu mbili, mistari shufwa na mistari witiri, kisha televisheni inaziunga upya. Televisheni isipotambua kwamba hii ni filamu ya picha 24 kwa sekunde, kingo za kitu kinachokimbia zinaota meno ya msumeno. Deki yenye 1080p, yaani inayotoa picha nzima bila kuikata, haina tatizo hilo.

Zuhura: Na ubora wa picha yenyewe?

Kombo: Blu-ray inaruhusu video hadi megabiti 40 kwa sekunde, HD DVD 29.4. Kwa filamu ya saa mbili iliyobanwa kwa VC-1 au H.264, njia mpya zaidi za kubana video, wengi hawaoni tofauti. Diski kadhaa za mwanzo za Blu-ray zilikuwa mbaya kwa sababu zilibanwa kwa MPEG-2 ya zamani kwenye tabaka moja la GB 25. Lawama hapo ni ya ubanaji, diski haina kosa.

Zuhura: Mwisho wake unajulikana. PS3 iliingiza Blu-ray nyumbani kwa watu walionunua mashine ya michezo. Tarehe 4 Januari 2008 studio ya filamu ya Warner ikatangaza kubaki na Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari Toshiba ikaiacha HD DVD. Sasa tumsaidie anayenunua leo. Mtu wa Mombasa au Dar analetewa deki na ndugu aliyeko Marekani. Aangalie nini?

Kombo: Kwanza kibandiko cha nyuma. Kikisema 120V peke yake, usichomeke kwenye umeme wetu bila transfoma, utaunguza pawasapulai. Unatafuta 100–240V. Pili, kanda. Blu-ray ina kanda tatu: Marekani na Japani ni A, Afrika yote, Ulaya na Uarabuni ni B, India, China na Urusi ni C. Deki ya Marekani itaikataa diski ya Uingereza iliyofungwa B. Na usichanganye na kanda za DVD, hizo ni mfumo mwingine. Kwetu ni namba 5.

Zuhura: Blu-ray za 4K, zile za tangu 2016, hazina kanda.

Kombo: Kweli, ila ndani ya boksi mara nyingi kuna na Blu-ray ya kawaida, na hiyo inaweza kuwa imefungwa. Tatu, diski mpya inaweza kugoma kwenye deki ya zamani kwa sababu funguo za ulinzi, AACS, hubadilishwa. Sasisha programu ya deki kwanza kabla ya kuilaumu diski.

Zuhura: Anayekusanya HD DVD za mitumba?

Kombo: Asitosheke na menyu kufunguka. Baadhi ya diski za miaka ile zimeharibika zenyewe kwenye tabaka la data, hata kama hazina mkwaruzo. Zinaanza vizuri kisha zinaganda katikati. Icheze hadi mwisho kabla ya kulipa.

Zuhura: Na usafi?

Kombo: Hapa ile nusu milimita inarudi. Mwanga wa leza unapogusa uso wa HD DVD ni duara la nusu milimita hivi, kwa hiyo chembe ndogo ya vumbi inaziba kidogo tu. Kwenye Blu-ray duara hilo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, chembe ileile inaziba pakubwa. Tumia kitambaa laini kikavu, futa kutoka tundu la kati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Alama ya vidole ikigoma, loanisha kitambaa kwa maji kidogo. Na usiipeleke Blu-ray kwenye mashine ya kusugua DVD. Inakwangua koti gumu, na chini yake kuna plastiki ya sehemu ya kumi ya milimita tu.