Ile-Ife: Mji wa Shaba na Shanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie Ile-Ife, mji mkongwe wa Wayoruba kusini-magharibi mwa Nigeria. Wenyewe husimulia kwamba dunia ilianzia pale: Oduduwa alishuka kutoka mbinguni kwa mnyororo, akamwaga mchanga juu ya maji, jogoo akauparua ukatawanyika, nchi kavu ikatokea. Hadi leo wafalme wengi wa Kiyoruba hujihesabu kuwa uzao wake, na Ooni, mfalme wa Ife, huvaa taji la Aare mara moja tu kwa mwaka, katika sikukuu ya Olojo.

Picha za vichwa vya Ife nadhani mmeziona. Mwaka 1938 vibarua waliokuwa wakichimba katika ua wa Wunmonije, jirani na jumba la mfalme, walifukua vichwa zaidi ya kumi vya shaba na mchanganyiko wake. Fundi alifinyanga sura kwa nta, akaivika udongo, akaichoma. Nta ikayeyuka ikatoka, na shaba ya moto ikamiminwa mahali pake. Vingine ni vya shaba inayokaribia kuwa tupu, na shaba tupu haimiminiki kirahisi: inataka joto kali, na inatoa mapovu yanayoharibu umbo. Tazameni midomo ya vichwa vile, tazameni kope. Wale walikuwa mabingwa.

Lakini Mjerumani Leo Frobenius, aliyefika Ife mwaka 1910, hakukubali kwamba sanaa ya mji ule ni ya mababu wa watu aliowakuta. Akadai ni masalio ya Atlantis, ile nchi ya hadithi inayosemekana ilizama baharini, koloni la Wagiriki. Sisi wa pwani tunaifahamu hoja ya namna hiyo, maana Kilwa nayo iliandikwa kwa miaka mingi kama kazi ya wageni kutoka Uajemi na Arabuni. Inaniuma kila ninapokutana nayo.

Kwangu mimi jibu zito zaidi liko Igbo Olokun, kichaka kitakatifu upande wa kaskazini wa mji. Shanga za kioo zilikuwa zikiokotwa pale tangu zamani, na wataalamu wengi wakidhani kioo chenyewe kililetwa kutoka ng'ambo, Ife wakakiyeyusha tu upya. Abidemi Babalola, mwanaakiolojia wa Nigeria, alichimba pale mwaka 2011 na 2012. Akapata shanga zaidi ya 12,000, vipande zaidi ya 800 vya vyungu vya kuyeyushia, na mabaki ya kioo kilichomwagika. Maabara ikaonyesha kioo chenye chokaa na alumina nyingi, tofauti na kile cha Ulaya na cha Mashariki ya Kati. Malighafi ni ya pale pale, na kazi ilifanyika kati ya karne ya 11 na ya 15. Kioo cha aina hiyo kimeonekana hadi Gao, kwenye Mto Niger, pembezoni mwa Sahara. Kumbe Ife ilikuwa ikiuza! Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa mwaka 1331, huenda matanuri ya Ife yalikuwa yanawaka. Na shanga hizo zilibeba mamlaka, kwani taji la shanga ndilo linalomtambulisha mfalme wa Kiyoruba.

Hata chini walipokanyaga palitengenezwa. Vigae vya vyungu vilisimamishwa kwa makali, vikapangwa kwa mishazari kama ukindu wa mkeka, vikatiwa mawe meupe katikati. Nyua na njia zikawa na sakafu isiyogeuka tope mvua inaponyesha.

Sehemu kubwa ya mji huo wa kale bado iko chini ya nyumba na barabara za leo, na msingi wowote unaochimbwa unaweza kufukua au kuvunja. Ombi langu kwa vyuo vyetu ni moja: wapelekeni wanafunzi wa akiolojia Ife, muwapokee wa kwao Kilwa, na shanga za pande zote mbili zipimwe katika maabara moja. Karibuni kwa maswali.